Mwaka Miti Ilipotembea Bondeni

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyojaza pipa wala kukuacha uanike nguo. Magoti yangu yanasema kesho itakuwa hivi hivi.

Omotembe wa chemchemi umeanguka.

Ni ule mtembe wa maua mekundu ambao kila anayepita barabara ya juu kwenda Ikonge huuona chini kabisa bondeni. Upepo wa jana uliung'oa, mizizi juu, ukalala kando ya maji bila kuvunja hata mgomba mmoja. Nilishuka baada ya chai kwenda kuuona, fimbo mkononi, nikimlaumu kila mtu aliyeacha njia ile iharibike. Nilimkuta Kerubo ameshafika. Alikuwa ametandika gunia juu ya shina na kuketi, kama mtu aliyewahi matangani.

Kerubo ni mke wa mama yangu.

Mjukuu aliyenifungulia blogu hii anasema wasomaji wengine wako Nairobi na hata ng'ambo, na sentensi kama hiyo itawachanganya. Basi nieleze. Nimesikia watu wakisimulia historia ya huku kwetu, Kisii na Nyamira, na wote hutaja machifu, wamisheni na barabara. Sijasikia hata mmoja akitaja mbuzi.

Mashamba ya bonde letu ni mistari. Kila boma lina mstari wake mwembamba unaoanzia mgongoni pa kilima, ilipo barabara, ukateremka mpaka mtoni. Waliogawa hivyo zamani walijua wanachofanya. Walitaka kila nyumba ipate kidogo cha juu, kidogo cha katikati na kidogo cha chini. Juu kuna baridi na udongo mwekundu, ndiko chai ilikoingilia miaka ya sitini. Katikati ni nyumba, wimbi na mahindi. Chini ni majani ya ng'ombe, migomba, udongo wa vyungu, na maji.

Shuleni nilikuwa naongoza kwa hesabu, wavulana wakiwemo, na hesabu hii niliifanya mapema. Sehemu ya chini ni theluthi ya shamba lakini ni zaidi ya nusu ya maisha. Mkatie mjane theluthi hiyo na hutakuwa na haja ya kumfukuza. Ataondoka mwenyewe akitafuta maji.

Mjane huyo alikuwa mama yangu, Bosibori. Baba alifariki akamwachia shamba, deni la shukrani kwa majirani waliomzika, na mtoto mmoja wa kike, yaani mimi.

Wakati ule nyumba isiyo na mtoto wa kiume ilitazamwa na ndugu za marehemu kwa jicho la fundi anayepima mbao. Lakini desturi yetu iliacha mlango mmoja wazi. Mjane angeweza kutoa mahari akaoa msichana, akamleta nyumbani kama mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuwahi kumzaa. Watoto wa msichana huyo wangekuwa wa nyumba ile, kwa jina la nyumba ile. Mwanamume aliyezaa naye hakuulizwa, wala hakudai. Vijana wa leo wakisikia hucheka. Wazee wetu hawakucheka, walihesabu ng'ombe.

Na mama hakuwa na ng'ombe.

Alikuwa na mimi.

Nilitolewa shule muhula mmoja kabla ya mtihani, nikaozwa Marani. Ng'ombe walioletwa na wakwe zangu hawakukaa zizini hata wakajua njia ya mtoni. Walitoka kwa mlango uleule walioingilia, wakaenda kumleta Kerubo. Sikwenda kumpokea. Nilimchukia kabla sijamwona, na nilipomwona nilikuta ni msichana wa rika langu, mnyamavu, mwenye mikono mikubwa, na nikamchukia kwa hilo pia.

Hapa ni shajara, kwa hiyo niseme ukweli. Mpaka leo nikisikia msichana katolewa shule, naiacha chai yangu ipoe. Jambo lile sijalisamehe na sina mpango. Lakini nimegundua kwamba kinyongo na shukrani vinaweza kulala nyumba moja. Mimi nimeviweka vyote viwili miaka mingi, na leo shukrani ndiyo imeamka kwanza.

Kerubo alijifungua mtoto wa kiume. Mama akampa jina la baba, Okemwa. Na mtoto hajakaa vizuri, ikaja habari ya kupimwa kwa ardhi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Serikali ilitaka kila shamba lipimwe na lipewe namba. Chifu alisema barazani kwamba kamati ya wazee itazunguka bonde zima na wapimaji, na mpaka watakaoukuta umesimama ndio utakaoandikwa. Nadhani alisema kwa nia njema. Alikuwa hajafikiria habari ya mitembe.

Mpaka wa kwetu ulikuwa ni mtembe. Unakata tawi, unalichomeka ardhini wakati wa mvua, linashika. Miaka inapita, tawi linakuwa shina. Kwa hiyo ushahidi wa mpaka ulikuwa unene wake: shina nene ni mpaka wa babu, shina jembamba ni mpaka wa juzi. Kila mtu bondeni alilijua hilo, na kila mtu alijua pia kwamba tawi nene likichomekwa leo, kwa macho ya mgeni, halina tofauti na la babu.

Mwaka ule miti ilitembea. Jioni uliacha mpaka ukiwa hapa, asubuhi umeukuta pale, una gome la kizee na umesimama kimya. Jirani alimsogezea jirani, kaka akamsogezea kaka. Ndiyo maana hakuna aliyemshtaki mwenzake kwa sauti kubwa. Nusu ya bonde ilikuwa na mti wake uliotembea.

Wetu ulipandwa na baba mdogo Ombati, mdogo wake marehemu baba. Nisimfanye shetani. Alikuwa na wana watano, na mstari wake ukigawanywa kwa watano, kila mmoja angebaki na upana wa kupitishia mkokoteni. Hesabu hiyo nayo niliifanya. Niliielewa vizuri sana, na sikuikubali.

Alichagua Jumamosi. Mama na Kerubo walikuwa Waadventista, na Sabato ya kwetu si ya saa mbili, unaenda asubuhi na unarudi jua limeinama. Ombati hakuwa na habari na kanisa lolote. Yeye na wanawe walikata matawi manene kama paja, wakayachomeka kwa mstari mmoja kukata shamba letu kwa upana, juu kidogo ya chemchemi. Mama aliporudi na Biblia yake kwapani, alikuta shamba lake limekuwa fupi.

Alienda kumuuliza.

"Shemeji, huu mpaka umetoka wapi?"

"Upi? Ule?" Ombati aliendelea kunoa panga. "Mbona ni wa tangu marehemu. Wewe huujui kwa sababu hushuki kule. Unamtuma mke wako."

Wanawe wakacheka. Mama akarudi nyumbani akanitumia ujumbe Marani: njoo, wanatukata maji.

Nilikuja na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, na hasira yangu ya zamani kichwani. Nilimsalimu mama. Kerubo nilimpita kama mlango.

Siku ya kupimwa ilikuwa siku ya tope, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kamati ilishuka bondeni kwa kuteleza, ikiongozwa na mwenyekiti mwembamba kutoka ng'ambo ya mto aliyekuwa na njaa na viatu vipya. Nyuma yake kijana mpimaji na mnyororo wake wa kupimia, na nyuma ya mpimaji bonde zima, maana siku hiyo hakuna aliyelima. Kila mtu alitaka kuona mjane atafanywaje.

Ombati alisema vizuri. Alikuwa na sauti.

"Wazee, nyumba hii mnaiona, ni wanawake watupu. Mto wanautaka wa nini, kuogea? Mpaka ndio huu, unene wake mnauona. Na mimi si mtu mbaya. Wakitaka kuteka maji, wataomba njia, nitawapa."

Wataomba. Watu walicheka kwa lile la kuogea, lakini mimi neno lililonichoma ni hilo. Niliona maisha yote ya mama: kila asubuhi na mtungi, akiomba njia kwenye shamba lake mwenyewe. Na ng'ombe wangu walikuwa wameshakwenda, hawarudi, wala shule hairudi. Kama theluthi ile ingekwenda, basi mimi nilikuwa nimetupwa bure.

Mwenyekiti akamtazama mama. "Una la kusema?"

Mama alisema mpaka ule ulipandwa Sabato iliyopita. Mwenyekiti akauliza nani aliona. Hakuna aliyeona. Watu walitazama vidole vyao vya miguu, kila mmoja akikumbuka mti wake.

Hapo ndipo Kerubo aliposhuka kutoka juu, Okemwa mgongoni, akivuta beberu wetu kwa kamba.

Ili muelewe kilichofuata, lazima mjue chinsoni. Ni ile heshima kali ya mkwe na mkamwana. Baba mkwe hamkaribii mke wa mwanawe, hamshiki mkono, hamtazami usoni, na mkamwana vivyo hivyo. Ombati, kwa kuwa ni ndugu wa baba, alikuwa baba mkwe wa Kerubo sawasawa. Kuvunja chinsoni mbele ya watu kulikuwa aibu ya kutozwa faini na kutakaswa, na watu hawakuisahau.

Kerubo alinijia mimi kwanza. Alikuwa na mzigo wa majani ya viazi vitamu.

"Dada, nishikie. Simama pale, karibu na mzee wa kamati. Usiyaangushe."

Yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia, na yalikuwa amri. Nilikwenda nikasimama. Sijui kwa nini nilitii.

Akamfunga beberu kwenye mtembe mnene kuliko yote, wa katikati. Kisha akaketi chini yake, upande wa pili wa shina, akamshusha Okemwa, akaanza kumnyonyesha.

Ombati aligeuka haraka kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakuweza kuja, hakuweza hata kutazama upande ule. Alibaki ametugeuzia mgongo, anaongea na mto.

"Mwambieni mkamwana atoe mbuzi kwenye mpaka wangu."

"Mkamwana hajasikia," mama akasema. "Mwambie mwenyewe, shemeji."

Wanawake waliziba midomo kwa leso. Kerubo hakumjibu Ombati, angemjibuje? Aliongea na mtoto, kwa sauti ya kutosha bonde zima.

"Okemwa, baba, hebu niambie. Mti wa tangu marehemu babu yako, nao unaogopa mbuzi?"

Beberu alikuwa hajala tangu jana yake. Aliyaona majani mikononi mwangu. Alikuja mpaka kamba ikakaza, akalia, akarudi nyuma, akaja tena kwa nguvu zake zote. Mti ukatikisika. Mwenyekiti akaacha kufuta viatu vyake. Beberu akaja mara nyingine, na ule mpaka wa babu ukainama polepole, ukalala kwenye tope kwa adabu.

Chini yake palikuwa peupe. Alama za shoka zilionekana, mbichi. Hapakuwa na hata unywele mmoja wa mzizi.

Mwenyekiti akainama kuchungulia.

"Ombati," akasema, "marehemu alipanda mti akasahau mizizi."

Bonde lilicheka mpaka ng'ambo wakauliza kuna nini. Mpimaji alilazimika kuweka mnyororo chini. Wakang'oa wa pili kwa mkono, wa tatu kwa mguu. Kisha mnyororo ukavutwa kutoka barabarani mpaka mtoni, bila kukatiza, na nilimwona mama akiufuata kwa nyuma, akishuka nao hatua kwa hatua, kama mtu anayesindikiza mgeni.

Mwenyekiti akauliza mwenye shamba ni nani. Mama akamwonyesha Okemwa, aliyekuwa amelala, maziwa kidevuni. Wakaandika.

Mtoto ambaye hajatambaa aliandikwa. Jina langu halikuulizwa. Hilo nalo lipo kwenye orodha ya kinyongo changu, na nafasi yake ni ya pili.

Ombati hakusema na sisi mpaka msimu ukabadilika. Lakini wake zake walikuwa wakiteka maji kwenye chemchemi yetu, kwa maana upande wake ni mawe matupu, na hakuna siku mama aliwaambia waombe njia. Nami nilijifunza kitu hapo, ingawa wakati ule niliona ni ujinga.

Ule mti uliong'olewa Kerubo aliuburuta mwenyewe hadi kwenye chemchemi, akauchimbia shimo, akaupanda. Alisema ni dhambi kupoteza mti. Ukashika.

Katikati ya miaka ya sabini mume wangu alienda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho. Huko alipata mke mwingine na sababu nyingi. Nilirudi kwa mama na watoto wawili na sufuria moja. Binti aliyeolewa hakuwa na fungu nyumbani kwao. Wazee walisema nirudi Marani nikavumilie. Mama alinyamaza. Nadhani alikuwa akinionea haya, na mimi sikumsaidia kuzungumza.

Asubuhi ya pili Kerubo aliniambia nimsindikize majini. Tulipofika chini ya mtembe aliweka mtungi.

"Dada, ng'ombe walionileta hapa walikuwa wako. Kutoka kwa mti huu mpaka mtoni, lima wewe."

"Na Okemwa akikua?"

"Atakua akijua."

Akajaza mtungi wake, akajitwika, akapanda mlima. Hakungoja nijibu.

Nililima. Majirani walikuja na majembe kwa risaga, ule utaratibu wetu wa kufanyiana kazi kwa zamu na kushibishwa, wakanichimbia mfereji mdogo kutoka kwenye chemchemi. Ombati alikuja pia, mzee tayari, akalima kuliko wote, akala, akaenda bila neno. Nikaanza na kitalu cha kabichi na vitunguu. Baadaye miche ya chai, maana kila mtu wa juu alitaka chai na hakuna wa juu aliyekuwa na maji karibu. Niliuza Ikonge, nikauza Keroka kwa wenye malori, mwishowe nikafungua duka la mbegu Keroka, lile ambalo sasa anauza binti yangu. Watoto wangu wote walisoma. Wa kike ndiye aliyesoma zaidi, nilihakikisha.

Watu husema nilijiinua mwenyewe. Na mimi hupenda kusema hivyo, hasa mbele ya wakwe. Lakini leo nimesimama mbele ya mti uliolala, nikapiga hesabu upya, na haikubali. Kila ninapoanzia, naishia kwa msichana aliyeketi kwenye tope ananyonyesha.

Na kwa miaka yote hii sikuwa nimemwambia. Tumezika mama pamoja, tumezika Ombati, tumeuguzana, tumegombania kuku. Neno lile lilikuwa halijatoka.

Basi nikaketi karibu naye kwenye gunia, nikasema kwa lugha ya nyumbani, kwa maana kwa Kiswahili lingekuwa kama hotuba.

"Kerubo. Mbuya mono."

Akanitazama kana kwamba ninaumwa. "Asante ya nini?"

"Ya mbuzi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta macho kwa kitambaa cha kichwani.

"Dada, na hesabu zako zote, wewe uliamini ni mbuzi? Beberu yule aliyekonda vile? Mti ule niliutikisa mimi kila nilipokuja kuteka maji, tangu Jumapili. Siku ile ulikuwa umesimama kwa heshima tu."

"Sasa mbuzi wa nini?"

"Ningeung'oa mimi, mti wa baba mkwe, mbele ya wazee? Ningetozwa faini, na shamba liende." Akapapasa gome alipokuwa ameketi. "Mbuzi hana mkwe."

Nimeishi na jambo hilo maisha yangu yote na sikulijua. Nilijiona nimeshika majani tu. Yeye naye hakuona haja ya kuniambia, maana sikuuliza.

Okemwa alishuka na panga tukiwa bado tunacheka. Ana mvi sasa, ana wajukuu, na hajawahi hata siku moja kuniuliza ninalima kwa nani. Alikua akijua. Alikata matawi ya mti ulioanguka, na Kerubo akachagua moja, nene kama paja, la kupanda palepale kwenye chemchemi.

"Shimo nichimbe la kina gani?" akauliza.

Tulimjibu kwa pamoja, mimi na mke wa mama: "Refu."

Kwa hiyo kesho, mvua iwepo isiwepo, magoti yatake yasitake, nitashuka tena bondeni. Tunapanda. Nimemwambia Okemwa awafunge mbuzi mbali.